Logibuku inahesabu sindano: barua ya wazi kwa wanaosimamia mafunzo ya uuguzi

Kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Afya. Kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kwa wakuu wa vyuo vya uuguzi. Na kwa waganga wafawidhi wa hospitali zinazopokea wanachuo.

YAH: WANACHUO KUTOA DAWA PEKE YAO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali ya wilaya. Hospitali yenyewe sitaitaja, maana ninayoyasema hayapo kwetu tu, na sitaki barua hii igeuke kesi ya mfawidhi wangu, ambaye ni mtu mwema na amechoka kama mimi. Naandika asubuhi, nimetoka zamu ya usiku, chai imepoa mezani na usingizi umekataa.

Usiku mmoja wa msimu wa mvua uliopita tulikuwa na watoto 46, wauguzi wawili na wanachuo watatu. Mwenzangu alikuwa amesindikiza mtoto wa rufaa kwenye gari la wagonjwa, kwa hiyo muuguzi nilibaki mmoja. Ikafika saa sita, saa ya sindano za malaria kali. Mimi natafuta mshipa kwenye kichwa cha mtoto aliyekauka kwa kuharisha, na nyuma yangu binti wa mwaka wa pili yuko mezani anaandaa atesuneti ya mtoto wa kilo 12. Nikasikia kile kifuniko cha bati kikibanduliwa kwenye kichupa. Baada ya muda nikasikia kingine.

Cha pili ndicho kilichonigeuza shingo. Kichupa kimoja kina miligramu 60. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo huyu alistahili 36. Kichupa kimoja kinamtosha na kinabaki.

"Mwanangu, hicho cha pili cha nini?"

"Sista, cha kwanza hakikutosha. Natakiwa nivute mililita 3.6."

Hesabu alikuwa ameipiga vizuri, dawa ndiyo aliyoichanganya kivingine. Atesuneti hii unaiyeyusha kwanza kwa mililita moja ya sodiamu baikaboneti, unatikisa mpaka iwe angavu kama maji, halafu unaongeza maji ya chumvi: mililita 5 kama inakwenda kwenye mshipa, mililita 2 kama inakwenda kwenye msuli. Ya mshipa inakuwa na miligramu 10 kwa kila mililita, ya msuli 20. Yeye alichanganya ya msuli, akavuta kwa hesabu ya mshipa. Mtoto angepata miligramu 72 badala ya 36.

Huyu binti si mzembe. Aliandika hesabu yake kwenye kiganja kwa kalamu, aliangalia jina la dawa mara mbili, aliosha mikono. Alikosa kitu kimoja tu, mtu wa kusimama pembeni yake. Na mimi kuwa hatua tatu kutoka pale ilikuwa bahati ya mtoto yule, maana usiku uliotangulia saa kama hiyo nilikuwa upande wa pili wa wodi na wala nisingesikia. Tena atesuneti ina huruma kidogo. Zipo dawa kwenye kabati lilelile zisizo na huruma hata chembe.

Kwenye makaratasi, mwanachuo hatoi dawa peke yake. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka anayefanya kazi ya uuguzi awe amesajiliwa na awe na leseni. Mwanachuo hana, kwa hiyo kila dozi anayoishika inabebwa na leseni ya mtu mwingine. Sasa njooni muone inavyobebwa. Saa kumi na moja alfajiri, muuguzi ambaye usiku kucha hakukaa anakusanya chati zote, anaketi kwenye benchi, anasaini dawa za saa mbili usiku, za saa sita na za alfajiri, kwa kalamu moja na kwa pumzi moja. Mimi nimesaini hivyo. Nimesainia dozi ambazo sikuziona zikivutwa, sikuona zikiingia, na nyingine sijui hata kama ziliingia. Atakayesema hajawahi kufanya hivyo katika hospitali ya wilaya na aje tukae wote zamu moja.

Chanzo kimeandikwa ubaoni kwetu kwa chaki: "Usiku: wauguzi 2 + wanachuo 3". Ukiuliza kwa nini wauguzi ni wawili, unaonyeshwa ile alama ya kujumlisha. Mwanachuo aliyeletwa kufundishwa amekuwa sehemu ya jibu la upungufu wa watumishi, na kwa kuwa mambo yanakwenda, hakuna anayeona haraka ya kuleta jibu lingine.

Nije kwenye logibuku, kile kitabu ambamo mwanachuo anasainiwa kila tendo alilofanya wodini, kwa sababu hapo naamini kuna jambo mnaloweza kulibadilisha bila kusubiri ajira mpya wala bajeti.

Logibuku nilizozisaini kwa miaka yote hii zinahesabu matendo. Sindano za msuli ngapi, za mshipa ngapi, dripu ngapi, mirija ya mkojo mingapi. Mwanachuo anaingia wodini na deni la namba na anatembea akilitafuta. "Sista, nimebakiza sindano nne za msuli." Sina ugomvi na namba, maana mkono haujifunzi bila kurudia. Ugomvi wangu ni kwamba katika kitabu kizima hakuna mahali panapomuuliza: ulimkuta mgonjwa akiwa na hali gani kabla ya sindano? Na baada ya saa moja ulirudi? Ulikuta nini? Kwa hiyo hawarudi. Sindano ikichomolewa na pamba ikikandamizwa, tendo limekamilika na namba imeongezeka, wakati dawa yenyewe ndiyo kwanza inaanza kazi mwilini.

Vyuoni wanafundishwa zile haki za dawa, nao wanaziimba vizuri: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi, na kumbukumbu sahihi. Wengine huongeza ya kufuatilia matokeo, lakini inakuja mwishoni mwa orodha, mahali ambapo kengele ya mapumziko imeshagongwa.

Chukueni magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya degedege hilo kwa zaidi ya nusu. Ni dawa ya kushukuriwa. Lakini mama akipewa dozi za kuendeleza kwenye msuli, gramu 5 kila baada ya saa 4, dozi inayofuata haitolewi kwa kuangalia saa peke yake. Kwanza unahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Unagonga goti kuona kama bado linaruka. Unaangalia mfuko wa mkojo kama mama ametoa angalau mililita 30 kwa saa katika zile saa 4 zilizopita, kwa sababu dawa hii inatoka kwa figo, na figo zikilala inajaa mwilini mpaka pumzi nazo zinalala. Na kalsiamu glukonati, gramu 1, inatakiwa iwe imeshawekwa pale pale, ya kusukumwa taratibu kwenye mshipa mambo yakiharibika. Nendeni wodi yoyote ya wazazi mkamuulize mwanachuo wa fildi kwa nini anatoa dozi ya saa nne usiku. Wengi watawajibu: kwa sababu ni saa nne.

Halafu fungueni chati za uangalizi. Mtagundua muujiza ambao nchi nyingine hawana: katika wodi zetu wagonjwa wote wanapumua mara 20 kwa dakika. Mwenye nimonia 20, aliyetoka chumba cha upasuaji 20, mtoto mchanga naye 20, ambaye angekuwa kweli anapumua mara 20 tungekuwa tumeshaita mchungaji. Namba hiyo wanachuo hawakuizua. Waliikuta, tuliwaachia sisi. Kuhesabu pumzi kunataka saa yenye mshale wa sekunde na dakika moja kamili ya kusimama kimya mbele ya mtu, na dakika hiyo hakuna logibuku inayoilipa.

Kuna mambo mawili madogo ambayo vitabu vya nje havitatufundisha, kwa kuwa ni ya kwetu.

La kwanza ni majina. Mwanachuo anafundishwa kumtambua mgonjwa kwa jina, naye anaita, "Mama Baraka!" Mama anaitika, anamleta mtoto. Tatizo ni kwamba Baraka ni mtoto wake wa kwanza, yuko nyumbani kwa bibi, na aliyelazwa ni mdogo wake. Na kitanda cha tatu kuna Mama Baraka mwingine ambaye Baraka wake ndiye mgonjwa. Msimu wa mvua watoto wanalala wawili kitanda kimoja, kwa hiyo namba ya kitanda nayo haikuokoi. Swali la usalama ni "Mtoto huyu anaitwa nani, majina yote mawili?", kisha unasoma faili. Ukiuliza "Huyu ndiye Baraka?" mama aliyekesha siku tatu atakujibu ndiyo hata ungemtaja Rais. Bendi za mkononi zingesaidia sana. Sisi tunaandika kwenye plasta na kuibandika kifundoni.

La pili ni saa. Daktari anaandika 10:00 akiwa na maana ya saa nne asubuhi, mwanachuo anasoma saa kumi, dozi inachelewa saa sita. Mama anaambiwa ampe mtoto dawa "kila baada ya saa nane", anakwenda nyumbani akiwa na saa nane kichwani, anampa saa nane mchana na saa nane usiku, mara mbili badala ya mara tatu. Sijawahi kuona mtihani unaouliza jambo hili, na karibu kila wiki nalikuta.

Sasa niseme langu, maana si haki kuandika makosa ya wanachuo kana kwamba mimi nilizaliwa na leseni.

Mwaka 2008 nilikuwa mwaka wa pili, fildi, wodi ya watoto wachanga, hospitali ambayo nayo sitaitaja. Kichanga wa kilo 2.8, homa, jentamaisini miligramu 5 kwa kilo: 14. Tulizoea ampuli za watoto, zenye miligramu 20 katika mililita 2, yaani 10 kwa kila mililita. Kumi ni namba rafiki, unasogeza nukta tu, 14 inakuwa mililita 1.4. Jioni ile za watoto zilikuwa zimeisha na stoo walikuwa wameleta za wakubwa, miligramu 80 katika mililita zilezile 2. Boksi lingine, trei ileile, hakuna aliyesema. Nilivuta mililita 1.4 kama jana yake. Nilimpa miligramu 56.

Niligundua alfajiri nilipokuwa namwaga takataka kwenye boksi la sindano na kuiona ampuli. Nilimwendea sista wa wodi huku magoti yananigonga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, akachukua chati akaifuta dozi iliyofuata bila kuandika sababu, akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Watakufukuza chuo." Alinihurumia, na mpaka leo namshukuru kwa kunihurumia. Mama wa mtoto hakuambiwa kitu. Siku ya tano waliruhusiwa, mama akanipa machungwa mawili.

Jentamaisini ikizidi inaharibu figo na usikivu, na usikivu wa kichanga hauonekani kwa macho. Hakuna aliyeandika kwenye faili kwamba mtoto huyu akapimwe masikio. Sasa ni kijana wa sekondari kama alijaliwa. Sijui kama mwalimu akiita jina lake anageuka.

Ndugu zangu mnaosimamia, nimesikia kampeni. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua ile ya Dawa Bila Madhara, likaweka lengo la kupunguza kwa nusu madhara makubwa yanayozuilika ndani ya miaka 5. Miaka hiyo ilipotimia, Siku ya Usalama wa Mgonjwa, tarehe 17 Septemba 2022, ilikuwa juu ya dawa. Fulana yake ninayo, naivaa nikilima. Ninachoomba hapa ni kidogo kuliko kampeni.

Baraza na vyuo, fungueni upya ukurasa wa dawa katika logibuku. Sindano isihesabiwe mpaka pembeni yake pawe na mistari miwili kwa mwandiko wa mwanachuo: nilimkuta vipi kabla, nilimkuta vipi niliporudi, na saa ngapi. Kama mnaona kazi itakuwa kubwa, punguzeni idadi ya sindano kwa nusu. Afadhali sindano kumi alizozifuatilia kuliko thelathini alizozikimbia. Na mkufunzi akija kutembelea wanachuo asije saa nne asubuhi peke yake, wakati wodi imepigwa deki na wauguzi wapo sita. Aje pia usiku.

Wizara pamoja na Baraza, tupeni waraka mmoja wenye majina ya dawa ambazo mwanachuo hatazigusa bila mwenye leseni kusimama naye, kila mmoja apige hesabu yake kwenye karatasi yake kisha walinganishe. Ningeanza na insulini, magnesiamu, heparini, morfini na kloridi ya potasiamu. Insulini ina yuniti 100 katika mililita moja, na bomba lake maalumu likikosekana watu huvuta kwa bomba la kawaida, hapo kukosea mara kumi ni kitendo cha sekunde. Ile herufi U nayo, ikibanwa nyuma ya 4, inasomeka 40. Andikeni neno yuniti lote.

Kloridi ya potasiamu nisingeiacha kabisa kwenye trei ya wodi, na hili waganga wafawidhi mnaweza kulifanya leo mchana bila kumuuliza mtu. Ipo kwenye vichupa vya plastiki vya mililita 10 vinavyofanana na vya maji ya kuchanganyia dawa. Ikisukumwa kwenye mshipa bila kuzimuliwa, moyo unasimama. Ifungieni famasi, itoke kwa jina la mgonjwa. Na stoo wakibadilisha nguvu ya dawa, kutoka 20 kwenda 80, mtu atembee kwa miguu mpaka wodini aseme kwa mdomo, na boksi liwekwe alama nyekundu.

Kuhusu kuripoti nitakuwa mfupi, kwa kuwa mnajua. Fomu ya njano ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ya madhara ya dawa ipo, na wachache wetu tunaijaza. Mwanachuo haijazi kabisa, anajua kinachomsubiri ni kikao cha nidhamu. Semeni kwa maandishi kwamba mwanachuo atakayesema kosa lake siku hiyohiyo hatafukuzwa kwa kosa hilo, na kwamba mzazi wa mtoto ataambiwa. Yote mawili. Bila la pili, la kwanza litakuwa ni sisi kulindana tu.

Yule binti wa atesuneti hakulala asubuhi ile. Zamu iliyofuata alikuja na karatasi aliyoichana kwenye daftari, ameipiga mstari katikati kwa rula. Upande mmoja ameandika MSHIPA, maji ya chumvi 5, inatoka 10. Upande wa pili MSULI, maji ya chumvi 2, inatoka 20. Chini, kwa kalamu nyekundu: "Chini ya kilo 20, kichupa kimoja kinatosha. Ukifungua cha pili, muite Sista." Tuliibandika ukutani juu ya meza ya dawa kwa plasta. Ipo mpaka leo, ila plasta imeanza kubanduka upande wa juu, na mvua za vuli zinakaribia. Kama mnayo iliyochapishwa na Wizara, tuleteeni nakala mbili. Moja nitaipeleka wodi ya wazazi.

Wenu katika kazi,

Muuguzi, wodi ya watoto